Kovu la Mzee Shoka

Mzee Shoka alikuwa muuza nyama, na jina lake halisi wengi walilisikia mara ya kwanza siku ya kumzika. Mtaa mzima ulimwita Shoka kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipiga mfupa mmoja mara mbili. Aliinua shoka mpaka juu ya sikio, akatoa pumzi puani, na paja la ng'ombe likawa vipande viwili juu ya gogo. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, na usoni alikuwa na kovu lililoanzia nyuma ya sikio la kushoto likashuka mpaka kidevuni. Ndevu hazikuota juu ya kovu hilo. Alipokuwa akinyoa alilizunguka taratibu, kama mtu anayefyeka nyasi kando ya mtaro.

Bucha alimwachia binti yake. Mtoto wake wa kiume alikuwa mkandarasi, ana lori na mafundi wake, na tangu zamani hakutaka kunuka damu. Binti alitaka. Alijifunza kushika kisu kabla hajajifunza kusuka nywele zake mwenyewe, na wateja walimwita Binti Shoka hata alipokuwa mtu mzima, ameolewa, ameachika na anakata mifupa peke yake. Akikupimia nyama huthubutu kulalamika kwamba mifupa imezidi. Alikuwa na jicho la baba yake.

Baba alikufa kitandani kwa ugonjwa wa kifua. Haukupita muda mrefu, mama naye akaanza kupoteza majina. Alimwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alisimama jikoni na mwiko mkononi, asijue alikuwa anapika nini. Binti Shoka akaingiwa na hofu. Baba amekwenda, na mama anakwenda huku amekaa palepale kwenye kiti chake. Baada ya hapo nani atakayewaambia watoto wametoka wapi? Akaamua kuwafuata wazee mmoja mmoja, awarekodi kwenye simu wakisimulia habari za marehemu, kisha siku ya kutimia mwaka awakusanye ndugu wote wasikilize.

Alianza na kisa alichodhani anakijua kuliko vyote, kisa cha kovu.

Nyumbani kila mtu alikijua. Mzee alikuwa akikisimulia mezani, na hata mwenye shibe alibaki ameketi akisikiliza. Fahali mweusi aliletwa machinjioni amefungwa kamba iliyooza. Fahali akaikata kamba, akaangusha wanaume kama chupa, akaja moja kwa moja kwa Mzee Shoka. "Akanitazama hivi," Mzee alikuwa akisema, ametoa macho pima, "nami nikamtazama hivi. Nikamwambia, mwenzangu, mmoja wetu leo ni mchuzi." Pembe ikampasua shavu. Naye akaishika pembe ya pili, akamwangusha fahali chini, akammaliza. Watoto walicheka mpaka wakapaliwa na maji. Kaka mtu alikuwa akikirudia kisa hicho kwa mafundi wake kila alipotaka wajue yeye ni mtoto wa nani.

Siku moja mchana, Binti Shoka akaenda kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa dada wa pekee wa marehemu, msusi mwenye kibanda chake na meno ya mbele ya bandia. Alikuwa amemaliza kumsuka mteja na anafagia nywele chini. Binti Shoka akaweka simu juu ya kiti, akasema, "Shangazi, tuanzie kwenye yule fahali."

Shangazi aliacha kufagia.

"Fahali," alisema. Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mwanangu, fahali yule alikuwa na masharubu. Nilikuwa nimeolewa naye."

Binti Shoka akadhani anatania. Shangazi akafunga mlango wa kibanda, akakaa, akasimulia kila kitu bila kupandisha sauti.

Mume wake alikuwa dereva wa malori. Akirudi safari alirudi na mkono mwepesi. Alimpiga kwa mkanda, kwa waya wa pasi, kwa kiatu. Siku moja alimpiga mdomoni kwa spana ya kufungulia matairi, na ndipo yale meno yalipokwenda. Jirani mmoja hakuvumilia tena. Akakimbia mpaka bucha, akamkuta Mzee Shoka yuko kazini, akamwambia, "Dada yako anauawa."

"Baba yako alitoka vilevile alivyo," Shangazi alisema. "Aproni ya damu, shoka mkononi. Watu wakampisha njia. Mume wangu alimwona dirishani, akachukua panga akamngoja nyuma ya mlango. Kaka alipoingia tu, akakatwa. Shavu likafunguka, mwanangu. Niliona meno yake ya pembeni kutoka nje, mdomo ukiwa umefumbwa."

"Halafu?"

"Halafu akalishika shavu kwa mkono wa kushoto, lisidondoke. Kwa mkono wa kulia akageuza shoka, akampiga kwa kisogo chake, upande usio na makali. Mkono uliokuwa na panga ukalia kama kuni kavu. Mume wangu akaanguka. Ningekuwa mimi, ningeishia hapo. Kaka hakuishia hapo. Aliukanyaga ule mkono wa pili, akaulaza kizingitini na kuutengeneza vizuri, kama anavyoweka mfupa juu ya gogo. Akaupiga. Yule bwana analia, anamwita mama yake. Kaka akahamia magotini."

Shangazi akafuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Nilimng'ang'ania miguu. Nikamwambia kaka, basi, atakufa. Akanitazama kama hanijui. Kwa mara ya kwanza nikamwogopa yeye kuliko mume wangu. Na nitakwambia jambo sijawahi kumwambia mtu: sikuacha kumwogopa. Alinilisha, alinijengea kibanda hiki, alinizikia mtoto wangu. Nilimpenda. Lakini kila alipoingia humu ghafla, moyo uliniruka."

Dereva hakufa siku ile. Alirudishwa kwa mama yake, akalishwa kwa kijiko mpaka alipokufa miaka mingi baadaye. Ndugu zake waliona aibu kusema kwamba mtu wao alikuwa anamuua mke, na ndugu wa Shangazi waliogopa polisi. Pande zote mbili zikakubaliana: huyu aliangukiwa na lori, yule alipasuliwa na fahali.

Binti Shoka alirudi bucha, lakini mikono haikutaka kazi. Aliliangalia shoka lililokuwa likining'inia ukutani, lilelile, mpini umebadilishwa, chuma ni kile. Jioni ile aliwaambia wateja nyama imekwisha, na nyama ilikuwepo.

Kesho yake alimkuta mama jikoni anachambua mchele. Siku hiyo macho ya mama yalikuwa safi, majina yote yako mahali pake. Binti Shoka akawasha simu, akamwambia aliyoyasikia. Mama hakushtuka. Aliendelea kutoa mawe.

"Shangazi yako amekwambia baba yako alivyotoka bucha," alisema. "Hakukwambia alivyotoka hapa asubuhi, maana hajui. Alikuwa amenipiga. Nilimpigia pasi shati, likabaki na mkunjo mgongoni. Alinibamiza kichwa kwenye fremu ya mlango ule pale, jicho hili likafumba. Halafu akavaa shati lenye mkunjo, akaenda kazini."

"Mama!"

"Nini? Umetaka historia."

Mama akaupepeta mchele, makapi yakaruka.

"Alirudi shavu limefungwa kwa aproni. Akakaa sakafuni. Akasema, 'Nimemvunja yule bwana kwa sababu nilimwona anafanana na mimi.' Labda alitaka nimwambie pole. Mimi nilikuwa natafuta uzi na sindano kwa jicho moja. Nilimshona mwenyewe, maana hospitali wangeuliza. Kila nilipochoma sindano alilia, na mimi nilichoma polepole. Makusudi."

"Akaacha kukupiga?"

Mama alifikiri.

"Alipunguza kwanza. Kisha akaacha."

Mwaka ulipotimia, ndugu walikuja kula chakula cha mchana nyumbani kwa mama. Alikuwepo Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, mstaafu mpole anayechukia kelele kuliko njaa. Alikuwepo Shangazi. Mkandarasi alikuja na mke wake, fundi wa kushona nguo, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na vichekesho, wifi ambaye Binti Shoka alimpenda kuliko ndugu zake wengi. Siku ile Wifi hakuchekesha mtu. Joto lilikuwa la kuyeyusha mafuta, naye amevaa mikono mirefu na kujifunga skafu shingoni. Alipoinua sahani, Binti Shoka aliuona mkono wa pili umebanwa ubavuni. Akauona kwa macho mapya, akajilaumu kwa yale ya zamani.

Baada ya chakula Mkandarasi akasimama, akaanza kuusimulia mkasa wa fahali. Alijua kuigiza. Baba Mdogo alishaanza kucheka kabla ya mahali pa kuchekea.

"Kaka, ngoja," Binti Shoka alisema. "Tumsikilize mwenyewe aliyekuwepo."

Akawasha simu. Sauti ya Shangazi ikajaa chumba, na Shangazi mwenyewe amekaa pale, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyetafuna. Ilipofika kwenye spana, Mkandarasi akasema, "Zima." Ilipofika kwenye kizingiti, akasema, "Nimesema zima! Unamvua nguo baba yangu mbele za watu?"

"Ni baba yangu pia. Na bado mama hajasema."

Sauti ya mama ikaanza. Shati, mkunjo, fremu ya mlango. Mkandarasi aliruka juu ya meza ndogo, akaipokonya simu, akaibamiza ukutani, akaiokota akaibamiza tena mpaka vioo vikatawanyika kwenye sahani. Binti Shoka alipomshika mkono, alipigwa kofi lililomzungusha. Alimrudishia kwa sufuria ya mchuzi, ikamgonga kwenye paji la uso, mchuzi na damu vikamchuruzika pamoja. Mama alipiga kelele akitaja jina la marehemu mumewe, akimsihi aache.

Hapo ndipo Wifi alipofungua mdomo. "Mwacheni," alisema taratibu. "Mwacheni amsikie mama yake. Labda atapunguza."

Chumba kizima kilimgeukia. Mkandarasi alijifuta uso kwa kiganja, akamwendea mke wake, akamshika ile skafu kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi. "Twende nyumbani," alisema. Akamburuta. Kiatu kimoja cha Wifi kilibaki mlangoni. Gari likawaka, likaondoka kwa kasi.

Baba Mdogo alikohoa. "Mambo ya mke na mume," alisema. "Watayamaliza."

"Hivi hivi," Shangazi akasema, "na mimi nilitolewa. Watu wakabaki na sahani zao."

Binti Shoka hakungoja mengine. Bucha ilikuwa njiani kuelekea kwa kaka yake. Baadaye, alipoulizwa kwa nini aliingia, alisema hakumbuki kuamua. Alikumbuka ufunguo uligoma kwenye kufuli, akautukana. Alikumbuka mpini ulivyomkaa kiganjani. Alipita barabarani mchana kweupe, shoka begani, na watu wakampisha njia.

Nyumba ya kaka yake ilikuwa imefungwa kwa ndani. Alisikia kitu kinaanguka, kisha sauti ya mtu anayetafuta pumzi. Aliinua shoka mpaka juu ya sikio, akatoa pumzi puani. Kitasa kiliruka pamoja na kipande cha mlango.

Wifi alikuwa chali kati ya cherehani na kitanda. Mume wake amempigia goti kifuani, amezungusha skafu mkononi na anaivuta. Uso wa Wifi ulikuwa umeiva, ulimi uko nje, kucha zake zimechimba mistari kwenye mikono ya mumewe. Mkasi wa kushonea ulikuwa hatua moja tu kutoka vidoleni mwake, na hatua ile moja ilikuwa mbali kama mji mwingine.

Binti Shoka akageuza shoka. Alimpiga kaka yake begani kwa kisogo, akausikia mfupa wa mtulinga ukikatika. Alijua sauti ile. Aliisikia kila siku tangu asubuhi mpaka jioni. Mkandarasi alianguka ubavu, akajaribu kuinuka kwa mkono uliobaki, naye akampiga huo pia, chini ya kiwiko. Akalia. Akamwita mama.

Kisha jambo la kutisha likatokea, ambalo Binti Shoka hakuwahi kulificha baadaye: akaona raha. Ilipanda kutoka tumboni, ya moto, tamu. Kofi la mchana ule, simu, miaka ya kumsikia wifi yake akisema ameteleza bafuni, vyote vilikuwa vinapata jibu. Alilitazama goti la kaka yake. Akajua hasa pa kupiga. Akainua shoka.

"Wifi," ilisema sauti ya kukwaruza chini yake. "Siwezi kusimama. Nishike."

Hakumwambia basi, hakumwambia atakufa. Alitaka mkono tu. Binti Shoka alihitaji mikono yake miwili kumwinua, na mikononi mlikuwa na shoka. Akalitupa dirishani. Akaikata ile skafu kwa mkasi, akambeba mgongoni mpaka barabarani, miguu ya Wifi ikimgonga mapajani, huku nyuma yao Mkandarasi akiapa kwamba atawaua wote.

Hospitalini Baba Mdogo aliwahi kufika kuliko daktari. Alikuwa ameshapanga kila kitu. "Kijana ameanguka kutoka juu ya jengo," alinong'ona. "Mkandarasi kuanguka si ajabu. Mke alijaribu kumdaka, skafu ikamkaba. Tumeelewana?"

"Baba Mdogo," Binti Shoka alisema, "umri wote huu, bado unatunga ng'ombe?"

Aliondoka akaenda polisi kwa miguu yake, aproni ya kupikia bado kiunoni. Akasema: nimempiga kaka yangu kwa shoka, nimemvunja, na sababu iko hospitalini ina alama za kitambaa shingoni. Wakamweka ndani. Wifi alipoweza kuzungumza, alifungua vifungo vya blauzi mbele ya askari wa kike, akamwonyesha mgongo wenye alama, mpya na za miaka. Kesi ilikuwa ndefu na chafu. Mkandarasi alifungwa, ingawa si kwa muda ambao Shangazi aliuona unatosha. Binti Shoka alipewa onyo kali na kazi ya kufagia uwanja wa mahakama, akaufagia kichwa kikiwa juu.

Alinunua simu nyingine. Shangazi alisimulia upya, safari hii akakumbuka na jina la jirani aliyekimbia kuita msaada, jina ambalo familia haikuwahi kulitaja. Mama hakuweza tena. Alikaa mbele ya simu akiomba aambiwe yule mzee mwenye shavu bovu kwenye picha ni nani. Basi Binti Shoka akakaa upande wake na kuyasema maneno ya mama kwa sauti yake mwenyewe, yote, pamoja na ile sindano iliyochomwa polepole. Yaliyokuwa mazuri aliyasema pia: baba aliyeamka gizani kumkorogea uji binti mgonjwa, baba aliyemfundisha mtoto wa kike kazi wakati wanaume wenzake wanamcheka. Watoto wake walipomuuliza sasa babu alikuwa mtu mzuri au mbaya, aliwajibu, "Alikuwa babu yenu. Kaeni niwasimulie."

Wifi alihamia kwake. Alipopona alianza kusaidia bucha, nyuma ya pazia, kwenye meza ya kusafishia utumbo. Wateja wakapata tena vichekesho.

Asubuhi moja, watu wamejaa kaunta, Mkandarasi akaingia. Alikuwa amekonda. Mkono wake mmoja ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwa nje. Vicheko nyuma ya pazia vikakatika.

"Nipimie nyama," alisema. "Ya mama."

Binti Shoka akapima. Hakumpa mgongo.

"Nasikia watoto wanasikilizishwa," kaka yake alisema. "Na mimi nimo?"

"Umo."

"Nilivyofanya."

"Ulivyofanya."

Alitazama sakafu. Mteja mmoja akaanza kulalamika kwamba anachelewa, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Na baba alipozidiwa," Mkandarasi alisema, "mvua ile, gari limekwama, nikambeba mgongoni mpaka zahanati, amenitapikia damu shingoni. Hiyo imo?"

Binti Shoka alifunga nyama kwenye karatasi. "Haimo. Sikuwepo. Kaa siku moja useme mwenyewe."

"Nikikaa, itabidi niseme na nyingine."

"Itabidi."

Aliichukua nyama kwa mkono ulionyooka. Akatazama pazia. Akatoka bila kuaga.

Binti Shoka alisogeza pazia. Wifi alikuwa amesimama kwenye kona, mgongo umebana ukuta, kisu kirefu kimeelekea mlangoni.

"Ameenda?"

"Ameenda."

Wifi alivuta pumzi, akakisuuza kisu kwenye ndoo, akarudi kwenye meza yake.